Imeamuliwa na Nani? Uhakiki wa Tangazo la Juma la Uongozi wa Masomo

Miongoni mwa maandishi yote yanayopita mikononi mwa wanachuo, hakuna yanayosomwa na wengi kama tangazo la juma la uongozi wa masomo, wala hakuna yaliyopata wahakiki wachache kama hilo. Riwaya ina wahakiki wake, ushairi una wake, na hata hotuba ya kisiasa imepata wachambuzi wake. Lakini karatasi inayobandikwa kwenye valvu, yaani ule ubao wa matangazo ambao wanachuo wa Kongo wameurithi pamoja na jina lake kutoka kwa Wabelgiji, husomwa kwa haraka, hunakiliwa, hulalamikiwa, kisha husahauliwa. Hata hivyo karatasi hiyo ni utanzu kamili. Ina ufunguzi wake wa desturi, ina mpangilio wake, ina msamiati wake, na ina athari ambayo riwaya nyingi hazina: mwanafunzi akiielewa vibaya, anaweza kupoteza mwaka mzima wa masomo.

Yaliyomo yanajulikana. Kamati ya Uongozi, inayojumuisha Rekta, Katibu Mkuu wa Masomo, Katibu Mkuu wa Utawala na Msimamizi wa Bajeti, hutoa habari za juma: kalenda ya masomo, vipindi vya mitihani, siku za deliberasio, tarehe ya mwisho ya kulipa minervali, uteuzi wa wakuu wa vitivo, na mikutano ya Baraza la Chuo. Habari hizo huandikwa kwa Kifaransa, lugha ambayo Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inaitaja katika ibara yake ya kwanza kuwa lugha rasmi. Ibara hiyohiyo inazitaja Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa, na kuipa serikali wajibu wa kuziendeleza bila ubaguzi. Kwa hiyo, pale ambapo tangazo linatolewa pia kwa Kiswahili, hapana shaka kwamba jambo jema limetendeka. Swali la uhakiki ni jingine: je, Kiswahili hicho kinamwambia msomaji jambo lolote?

Yafaa kuchukua mfano. Sentensi ifuatayo imetungwa kwa ajili ya makala haya, lakini msomaji wa valvu ataitambua mara moja: «Inaletwa kwenye ujuzi wa wanafunzi wote kwamba imeamuliwa kusogezwa mbele kwa kipindi cha pili cha mitihani, wahusika wanaombwa kujipatanisha, kazi zote zikisimama.» Kila neno hapa ni la Kiswahili, ila sentensi yenyewe ni ya Kifaransa iliyovikwa kanzu. Mswahili haleti jambo «kwenye ujuzi» wa mtu. Humjulisha, humwarifu, humtaarifu. «Kujipatanisha» ni kumaliza ugomvi, si kufuata agizo. Na «kazi zote zikisimama», msemo wa kiofisi unaotaka kusema «bila kukawia», humfanya msomaji ajiulize ni kazi zipi zitakazosimamishwa, na kwa amri ya nani.

Hizo ni kasoro za mtindo, nazo huweza kusamehewa. Isiyosameheka ni «kusogezwa mbele». Katika Kiswahili, kusogeza siku mbele huweza kueleweka kwa njia mbili: wengine huelewa kwamba siku imeahirishwa, wengine huelewa kwamba imeletwa karibu. Wanafunzi wawili wa kitivo kimoja, wakisoma karatasi moja, wanaweza kuondoka na tarehe mbili. Mmoja atakwenda nyumbani Kolwezi au Likasi kutafuta fedha za minervali, akiamini ana nafasi. Atakaporudi atakuta mtihani umekwisha. Neno «kuahirisha» lipo, linajulikana, na halina utata. Aliyeliacha hakukosa msamiati, bali alikuwa akitafsiri maneno bila kumfikiria msomaji.

Kasoro ya tatu imejificha zaidi, kwa kuwa inafanana na adabu ya ofisi. Ni kitenzi «imeamuliwa». Tabia moja kubwa ya kitenzi cha Kiswahili ni kwamba humbeba mtenda ndani yake. Mtu akisema «tumeamua», wameamua waliopo. Akisema «ameamua», yuko mmoja. Hata katika kauli ya kutendwa, lugha imeweka kiungo «na» ili mtenda atajwe. «Imeamuliwa» bila «na» humwacha mtenda nje ya mlango, na kiambishi chake «i-» hakirejelei nomino yoyote iliyotangulia. Kifaransa cha kiofisi kimezoea umbo hilo lisilo na mwenyewe, na sheria zake zinalikubali. Linapohamishiwa katika Kiswahili bila kufikiriwa, uamuzi huonekana kama mvua: umeshuka, hakuna wa kuulizwa. Mwanafunzi mwenye pingamizi hajui aandike kwa Katibu Mkuu wa Masomo, kwa mkuu wa kitivo, au kwa mwenyekiti wa deliberasio.

Sentensi ileile ingeweza kuandikwa hivi: «Kamati ya Uongozi, katika kikao chake cha Jumatatu, imeahirisha kipindi cha pili cha mitihani kwa majuma mawili. Sababu ni kwamba baadhi ya vitivo havijaleta alama za kipindi cha kwanza. Mwenye pingamizi amwandikie Katibu Mkuu wa Masomo kabla ya Ijumaa.» Maneno yameongezeka, lakini msomaji sasa ana mambo manne ambayo hakuwa nayo: mtenda, muda, sababu, na mlango wa kubisha. Tangazo lolote lisilo na hayo manne, hata likiwa na sarufi safi, limekosa kazi yake.

Mtu anaweza kujiuliza kwa nini Kiswahili, lugha yenye mazungumzo mengi hivi, kimekuwa kigumu na kikavu kinapoingia ofisini huku Katanga. Historia ina sehemu ya jibu. Johannes Fabian, katika kitabu chake Language and Colonial Power kilichotoka mwaka 1986, alionyesha jinsi vitabu vidogo vya Kiswahili vilivyotungwa kwa ajili ya Wazungu wa Katanga vilivyojaa amri: lugha ilifundishwa ili bwana amwagize mfanyakazi, si ili wazungumze. Na si ajabu kwamba katika Kilingala neno la juma ni «poso», lililotokana na posho, ule mgawo wa chakula aliokuwa akipewa mfanyakazi kila juma. Mgawo huo ulipimwa na mwingine, na aliyeupokea hakuelezwa sababu ya kipimo. Tangazo la juma linaloamuru bila kueleza limebaki katika desturi hiyo: ni posho ya habari. Lakini mwanachuo si mpokea posho. Analipa, anachangia, na kesho ataandika matangazo hayo yeye mwenyewe.

Wako wanaodhani kwamba dawa ni istilahi. Huelekeza macho Dar es Salaam, ambako chuo kikuu kina Makamu Mkuu wa Chuo, seneti, ndaki na rasi wake, na amidi wa shule kuu. Kazi hiyo ya kuunda majina ni ya kuheshimiwa, na Lubumbashi ingeweza kujifunza mengi kwayo. Hata hivyo jina la cheo haliifanyi habari kuwa wazi. Huko Dar es Salaam penyewe Kiingereza kimebaki lugha ya kufundishia masomo mengi, na wingi wa istilahi haukuondoa hali hiyo. Ofisi inaweza kuwa na rasi na amidi, na bado ikaandika «imeamuliwa».

Mfano wa neno «licence» unaonyesha kwamba tatizo ni maelezo kuliko majina. Katika mfumo wa zamani mwanafunzi wa Kongo alisoma miaka mitatu ya graduat, kisha miwili ya licence. Aliyeitwa mwenye licence alikuwa amemaliza miaka mitano. Katika mfumo wa LMD, ulioanza kuenezwa katika vyuo vya nchi mwaka wa masomo 2021-2022, licence ni miaka mitatu yenye krediti 180, na master huongeza miaka miwili yenye krediti 120. Neno ni lilelile, kipimo chake kimebadilika. Mzazi aliyepata licence yake mwaka 1995 akisoma tangazo kwamba mtoto wake «ameingia licence», atahesabu kwamba imebaki miaka miwili, na atapanga fedha za miwili. Tangazo linalotumia neno hilo bila kueleza kipimo chake kipya halijasema uongo, lakini limemwacha mzazi adanganyike.

Wapinzani watasema kwamba maandishi yenye nguvu ya sheria ni ya Kifaransa, na kwamba Kiswahili cha Lubumbashi si Kiswahili sanifu, kiandikwe kipi? Hoja ya kwanza ni ya kweli, na haina madhara: maandishi ya Kifaransa yabaki na nguvu yake, ya Kiswahili yaandikwe upya kutoka kwenye uamuzi wenyewe badala ya kufuata sentensi moja moja. Hoja ya pili imekwisha kujibiwa na wenyeji wa mji. Mwaka 1965 André Yav aliandika, kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani, historia ya mji wa Elisabethville kwa Kiswahili cha mji huo. Fabian aliitoa mwaka 1990 pamoja na tafsiri na maelezo yake. Watumishi wale hawakungoja sanifu ili waeleze nani aliwatendea nini. Chuo kinaweza kutumia Kiswahili sanifu chepesi, kikakubali maneno ya mji yanayoeleweka na wote, kama minervali na deliberasio, na kisimuache msomaji yeyote nje.

Lililo hatarini ni kubwa kuliko usafi wa lugha. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990 wanafunzi walishambuliwa katika kampasi ya Lubumbashi. Taarifa za serikali na masimulizi ya walioshuhudia yalitofautiana mno kuhusu idadi ya waliokufa, na hadi leo hakuna hesabu inayokubaliwa na wote. Tangazo la kalenda ya mitihani haliwezi kulinganishwa na msiba ule. Lakini msiba ule ulionyesha wazi jinsi neno la wakubwa linavyoweza kukosa wa kuliamini, na jinsi redio ya barabarani inavyoshika nafasi yake. Imani haijengwi siku ya msiba. Hujengwa juma kwa juma, kwa karatasi ndogo zinazotaja mtenda, zinazotoa sababu, na zinazokiri zinapobadilisha tarehe ya juma lililopita.

Kwa haki, utanzu huu una sifa zake pia. Ni mfupi, una tarehe, una namba ya mfululizo, na hurudi kila juma. Waandishi wengi wa fasihi wangetamani wasomaji waaminifu kama hao. Sifa hizo zihifadhiwe. Kinachotakiwa kuongezwa ni kidogo: kabla karatasi haijatiwa sahihi, asomewe mtu mmoja asiyekuwapo kikaoni, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza au mfanyakazi wa bustani, kisha aulizwe ni nani ameamua, kuanzia lini, kwa nini, na akitaka kupinga aende wapi. Akishindwa kujibu, karatasi irudi kwa mwandishi wake.