Mizani Haimfungi Mtunzi

Wapo wanaoamini kwamba ushairi ni kipaji tu: ama umezaliwa nacho, ama ukae kimya. Mshairi Sheikh Amri Abedi hakuwa na imani hiyo. Mwaka 1954 alitoa kitabu cha sheria za kutunga mashairi, akaeleza vina, mizani na beti kwa namna ambayo mwanagenzi yeyote mwenye subira angeweza kuifuata.

Chukua kauli ya kawaida kabisa: "Mvua imenyesha jana, mtaa umejaa maji." Hesabu, ukiipima "m" ya mvua na ya mtaa peke yake. Ukwapi, yaani nusu ya kwanza ya mshororo, una mizani 9; utao, nusu ya pili, 9. Tarbia ya kawaida, ubeti wa mishororo minne, inadai 8 kwa 8. Kitoke nini? "Jana" haina kazi. Mvua ya jana na ya leo hulowesha vilevile. "Mtaa umejaa maji" atasema yeyote aliyepita na daladala. Ukihangaika kidogo unafika hapa: "Mvua imetutoa, vitanda viko majini." Mizani imetimia, na sasa kuna watu ndani.

Bado. Kina cha "ni" ni cha bei rahisi: nyumbani, sokoni, kazini, hakiishi. Geuza: "majini vitanda viko." Sarufi imepinduka, lakini uhuru huo mshairi anao tangu zamani. Na tazama "ko" inavyokuja na vyombo vyake: jiko, mwiko, mfuko, hata mafuriko yenyewe. Hukuwa umeliwaza jiko. Kina ndicho kilichokupeleka jikoni. Kwa hili peke yake naipenda arudhi, yaani kanuni hizi za vina na mizani.

Si wote wanaoipenda. Mshairi Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani ya Kichomi mwaka 1974, mashairi yake yasiyofuata vina yalizidisha ubishi mkali kuhusu kama shairi lazima lifuate arudhi. Sina ugomvi na mashairi huru. Yaliyo mazuri yana mapigo yake. Ila nikiambiwa mizani humfunga mtunzi, namkumbuka mshairi Abdilatif Abdalla, aliyekuwa kifungoni Kenya kati ya 1969 na 1972. Mashairi ya diwani yake, Sauti ya Dhiki, aliyatungia humo humo gerezani, kwa vina na mizani, na hasira yake haikupungua hata chembe.

Basi ukitunga ubeti wako, usome kwa sauti, uhesabu kwa vidole, na ukiona mishororo yote inaishia kwa "ni", anza upya.