Ustadi wa Kunyonga Bila Kutulia

Mbio za baiskeli za uwanjani humdai mwendeshaji nidhamu kubwa kuliko mtazamaji anavyodhani, kwa kuwa baiskeli yake haina breki, wala haina friwili, yaani kile kifaa cha gurudumu la nyuma kinachomruhusu mtu kutuliza miguu huku baiskeli ikiendelea kwenda. Gurudumu likizunguka, miguu nayo sharti izunguke.

Leon Meredith, Mwingereza aliyezaliwa London mwaka 1882, aliumudu ustadi huo hata akatwaa ubingwa wa dunia wa ridhaa mara 7, kati ya 1904 na 1913, katika mbio za kilomita 100 za kufuata pikipiki. Pikipiki hutangulia ili kumkinga mwendeshaji na upepo, na kwa sababu mwendo ukizidi mara mbili ukinzani wa hewa huzidi mara nne, anayeachwa nyuma kidogo tu hulemewa papo hapo. Kazi ya mwendeshaji, basi, ni kunyonga kwa kipimo kilekile, kilomita baada ya kilomita, na hapo ndipo ukubwa wa Meredith ulipo. Katika Olimpiki ya London ya 1908 alipata dhahabu pamoja na Benjamin Jones, Clarence Kingsbury na Ernest Payne katika mbio za timu, ambamo waendeshaji wanne hupokezana zamu ya kukabili upepo.

Rubondo, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, hakuna uwanja wa namna hiyo, lakini kipimo hicho cha miguu kinajulikana. Anayebeba madumu ya maji ya lita 20 huyajaza mpaka mdomoni, maana maji yakipata nafasi ya kuchezacheza huivuta baiskeli upande. Kisha huyakaza kwenye keria kwa vipande vya tyubu kuukuu, na penye mwinuko hunyonga taratibu bila kuushtua usukani. Huo ni ufundi kamili, nao unastahili heshima ileile anayopewa bingwa.

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza barani Afrika. Kwa kuwa mashindano hayo yamekwisha kufika Afrika, wanaotafuta vijana wa mbio za baiskeli kutoka Mbarara na wilaya jirani waanzie kwenye njia za Rubondo.