Ada ya mutuelle: kanuni ikae nje ya utaratibu

Mfumo unaoendesha taratibu za ofisi hupimwa siku kanuni inapobadilika. Kipimo kizuri ni ada ya mutuelle de santé, bima ya afya ya jamii nchini Rwanda, ilipokuwa ikipangwa kwa madaraja ya Ubudehe, mfumo wa kuainisha kaya kwa hali ya uchumi.

Kwa kaya ya Kanama, wilayani Rubavu, hatua za msingi ni chache: kaya itambuliwe, daraja lisomwe, ada ikokotolewe, malipo yathibitishwe. Kilichobadilika ni hesabu. Mwaka 2011 madaraja yalikuwa sita. La 1 na la 2 yalilipiwa na serikali faranga 2,000 kwa mtu; la 3 na la 4 yalilipa 3,000; la 5 na la 6, 7,000. Baadaye yakawa manne: la 1 likalipiwa 2,000, la 2 na la 3 yakalipa 3,000, la 4 likalipa 7,000.

Tazama daraja la 4. Kaya ya watu watano ilidaiwa 15,000 kwa kanuni ya kwanza, 35,000 kwa ya pili. Katika daraja la 2 alibadilika hata mlipaji. Programu iliyotapakaza masharti haya ndani ya kila hatua italazimika kufumuliwa nzima.

Dawa ni kanuni ya kuchomeka, yaani inayokaa nje ya hatua na kubadilishwa peke yake. Mfumo uipe kanuni mambo matatu: idadi ya watu, daraja pamoja na mpango wa madaraja lilikotoka, na mwaka wa bima. Kanuni irudishe kiasi, mlipaji na sababu. Kila toleo liwe na tarehe ya kuanza na ya kuisha, na lichaguliwe kwa mwaka unaolipiwa, wala si kwa siku ya malipo. Daraja lihifadhiwe kama maandishi: mwaka 2020 serikali ilitangaza madaraja ya herufi, A hadi E, na safu ya namba ingeyakataa.

Lakini si kila kitu kichomekwe. Julai 2015 usimamizi wa mutuelle ulipohamia RSSB, bodi ya hifadhi ya jamii ya Rwanda, kilichoguswa ni utaratibu: nani anapokea fedha na nani anathibitisha. Hapo hatua zenyewe ndizo za kurekebishwa.

Mwisho, kila uamuzi uandikwe pamoja na toleo la kanuni lililoutoa. Mwananchi akiuliza kwa nini alidaiwa 35,000, ana haki ya kuonyeshwa kanuni yenyewe.