Mhakiki Mlangoni: Ripoti za Wasomaji wa Udhibiti Nchini Afrika Kusini

Tunapozungumzia udhibiti wa fasihi, aghalabu hutujia taswira ya askari asiyejua kusoma ila kwa shuku. Taswira hiyo yatupa faraja tusiyostahili. Chini ya Sheria ya Machapisho ya 1974 ya Afrika Kusini, kitabu hakikukurupukiwa na hukumu. Kilifikishwa kwenye Kurugenzi ya Machapisho na polisi, maafisa wa forodha, mchapishaji au raia aliyechukizwa. Kurugenzi ikakikabidhi kwa kamati. Msomaji wa kamati akakisoma na kuandika ripoti kabla ya uamuzi kutolewa. Miongoni mwa wasomaji hao walikuwamo wanataaluma wa fasihi. Gerrit Dekker, mwenyekiti wa kwanza wa bodi iliyoundwa kwa sheria ya 1963, alikuwa profesa wa fasihi ya Kiafrikaans. Merwe Scholtz, mhakiki wa fasihi hiyo hiyo, alikuwa katika kamati iliyoipitisha In the Heart of the Country ya J.M. Coetzee mwaka 1977. Bawabu, basi, alikuwa mwenzetu.

Ripoti hizo, ambazo Peter McDonald amezichambua katika The Literature Police (2009), hupima msuko, mtindo na usawiri wa wahusika kama tufanyavyo sisi. Reginald Lighton, aliyeisoma Waiting for the Barbarians mwaka 1980, aliukiri ubora wake wa kifasihi, kisha akaongeza kwamba haina mvuto kwa umma na kwamba itasomwa na wasomi wachache. Riwaya ikaachiliwa. Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu: sifa ya usanii ilitumika kama cheti cha kutodhuru. Kazi ilipita kwa kudhaniwa kwamba haitamfikia mtu.

Waliokusudia kufikiwa na wengi walilipia kusudi hilo. Toleo la kwanza la jarida la Staffrider lilipigwa marufuku mwaka 1978; mwaka uliofuata ikawa zamu ya Muriel at Metropolitan ya Miriam Tlali na Call Me Not a Man ya Mtutuzeli Matshoba. Kigezo cha msomaji tarajiwa, kilichokuzwa na Bodi ya Rufaa chini ya Kobus van Rooyen kuanzia 1980, kililegeza kamba kwa baadhi ya kazi. Lakini mantiki yake ni ile ile, kwamba wingi wa wasomaji ndio hatari.

Yawezekana kujibiwa kwamba wataalamu hao waliviokoa vitabu. Baadhi, ndiyo. Hata hivyo, Magersfontein, o Magersfontein! ya Etienne Leroux ilipitishwa na kamati, serikali ikakata rufaa, ikapigwa marufuku mwaka 1977. Ripoti ya msomaji ilikuwa na nguvu pale tu dola ilipokuwa haina haraka.

Msamiati wa ripoti hizo haujatuhama. Tunaposema katika semina zetu kwamba kazi fulani ina itikadi nyingi kuliko usanii, tunatumia mizani ile ile, ijapokuwa hatuna mamlaka ya kufunga. Akizungumza mjini Austin mwaka 2010, Coetzee alieleza alivyogundua, miaka mingi baadaye, kwamba baadhi ya wasomaji wake wa siri walikuwa watu aliojuana nao, nao walijiona kuwa walinzi wa fasihi.