Ngome na Njia Iliyo Wazi

Wako wachezaji wengi wa sataranji waliokariri neno moja: weka ngome katika njia iliyo wazi. Neno hili ni la kweli, lakini mwenye kulishika bila sababu yake halimfai kitu. Basi twataka kukipima kitabu cha Aron Nimzowitsch, mzaliwa wa Riga, kiitwacho Mein System, kilichoanza kutolewa kwa Kijerumani mwaka 1925, maana chalifundisha jambo hili kwa taratibu.

Kwanza na tuujue uwezo wa ngome. Ubao una vyumba 64. Ngome huenda mbele, nyuma na kando, wala haiendi mshazari. Ubao ukiwa mtupu, ngome hutawala vyumba 14 popote iwekwapo, hata pembeni. Lakini farasi hutawala 8 akiwa katikati, na 2 tu akiwa pembeni. Kwa hiyo kinachoidhoofisha ngome si mahali pake, ila ni askari wa miguu waliosimama mbele yake. Askari hao wakiisha kuondoka, njia huwa wazi, na ngome hupata nguvu zake.

Lakini Nimzowitsch afundisha kwamba njia si mwisho wa safari. Faida yake ni kuingia safu ya saba au ya nane, ndani ya nchi ya adui. Hapa twamsifu, na ushahidi upo. Huko New York, mwaka 1924, Capablanca, aliyekuwa bingwa wa dunia, alicheza na Tartakower. Alimsukuma askari wa ukingoni, wakalana askari kwa askari, njia ikafunguka. Mara ngome yake ikashika njia ile, na kwa hatua iliyofuata ikaingia safu ya saba. Kisha akaacha askari wake wawili waliwe, mfalme wake apate kupenya na kusaidiana na ngome. Mwenye kuhesabu askari tu angalidhani Capablanca amepotea. Kumbe ndiye aliyeshinda.

Hata hivyo kitabu kina kasoro. Mwandishi apenda mno dhihaka, hasa juu ya Tarrasch, mwalimu mashuhuri wa siku zile. Tena apenda kulipa kila jambo jina, na mwanafunzi mchanga huweza kushika jina akaacha maana. Atapeleka ngome katika njia iliyo wazi, na kumbe kila chumba cha kuingilia kimelindwa na adui. Au ngome zote zitakutana pale na kulana, pasipo faida kwa yeyote.

Sisi tulio walimu tuangalie jambo hili, maana si la sataranji peke yake. Mtoto akitaja kanuni, tusiridhike. Na tumwulize: Njia hii yafika wapi? Nani aulinda mlango wake? Kitabu hiki chafaa sana, ila kisomwe na ubao mbele ya macho, na kila neno lake lijaribiwe.