Ukumbusho Usio na Majina: Kutoka Mtaa wa Samora hadi Songea

Ukumbusho ni utungo kama ulivyo utungo wa shairi. Una fani yake na maudhui yake, una mtunzi na hadhira, na aghalabu mambo uliyoyanyamazia huwa mazito kuliko yale uliyoyatamka. Ni ajabu basi kwamba shuleni twawafundisha vijana kuhakiki riwaya na tamthilia, lakini tunapowapakia katika basi na kuwapeleka kutazama kumbukumbu za taifa twawataka wanakili tarehe, wapige picha, warudi. Katika makala haya tunakusudia kuzihakiki kumbukumbu mbili ambazo msafiri aendaye kusini kwa barabara aweza kuziona katika safari moja: Sanamu ya Askari iliyopo Dar es Salaam na Makumbusho ya Majimaji mjini Songea.

Sanamu ya Askari ilizinduliwa mwaka 1927. Kabla yake mji huo ulikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyepata kuwa gavana wa Kijerumani, ambayo Waingereza waliiangusha mwaka 1916 walipouteka mji. Katika sanamu ile ya kwanza askari Mwafrika alikuwamo pia, lakini alikuwa chini, miguuni pa bwana wake. Waingereza walimwondoa bwana, wakamsimamisha askari juu ya kitako peke yake. Msomaji aweza kudhani kwamba hapo Mwafrika alipewa heshima yake kamili. Tutazame vizuri.

Kwa upande wa fani hatuna budi kumsifu mchongaji, Mwingereza James Alexander Stevenson. Askari huyu aliyesubiwa kwa shaba nyeusi hakusimama kama mlinzi wa lango. Ameinama mbele, mwili wote umo katika mwendo, na singe ya bunduki yake imeelekezwa bandarini. Kasoro imo katika maneno. Maneno hayo yalitungwa na Rudyard Kipling, mshairi aliyeitukuza sana dola ya Uingereza, yakaandikwa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, tena Kiswahili chenyewe kwa hati mbili, ya Kirumi na ya Kiarabu. Yanawataja askari Waafrika waliopigana katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, na wapagazi, ambao mtunzi amewafananisha na miguu na mikono ya jeshi. Sisi tulio watunzi twajua kuwa istiari haiji bure. Mwenye kuitwa mguu na mkono ameambiwa kwamba kichwa ni mtu mwingine. Isitoshe, miguu na mikono hiyo haikupandishwa juu ya kitako. Aliyepanda ni mwenye bunduki. Mjini Nairobi, katika ukumbusho wa vita hivyo hivyo, mpagazi alau amesimamishwa pamoja na wenzake.

Kisha maneno hayo yatoa ahadi: apiganiaye nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Ahadi nzuri! Lakini mtu azunguke kitako chote mara tatu, hataona jina la askari hata mmoja. Na nchi gani hiyo iliyopiganiwa? Vijana wa Kiafrika walikuwamo katika jeshi la Mwingereza, na vijana wengine wa Kiafrika walikuwamo katika jeshi la Mjerumani, wakauana kwa ajili ya wafalme wawili ambao hawakupata kuwaona. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Kumbukumbu yao ya kweli hapo mjini haikujengwa na serikali yoyote. Kambi yao, ambayo kwa Kiingereza iliitwa kambi ya kikosi cha wachukuzi, wenyeji waliitamka kwa ndimi zao, ikawa Kariakoo. Na leo anayekwenda sokoni kununua nazi anawataja bila ya kujua.

Kutoka hapo hadi Songea ni mwendo wa kilomita zaidi ya 900, kupitia Morogoro, Mikumi na mlima Kitonga. Kabla ya kufika Iringa, pale Lugalo, upo mnara wa Wajerumani wa kumkumbuka kamanda Emil von Zelewski, aliyeuawa na Wahehe tarehe 17 Agosti 1891. Hatutaukawilia, itoshe kusema kwamba Wahehe ndio walioshinda vita, na aliyeshindwa ndiye aliyepata mnara.

Makambako barabara huchepuka kuelekea Njombe, ikateremka hadi Songea. Huko mambo ni mengine. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi na wapiganaji wa Kingoni, wakawafukia katika kaburi moja la pamoja. Makumbusho yaliyofunguliwa hapo mwaka 1980 yanawaenzi mashujaa 67, na kila mwaka mwezi wa Februari watu hukusanyika kuwaadhimisha. Sanamu za manduna zilizopo hapo si kazi bora ya uchongaji. Mwenye jicho la sanaa atasema nyuso zimekakamaa, na askari wa Stevenson amezishinda kwa mbali. Hata hivyo kila uso una mwenyewe. Mgeni haambiwi kuwa hawa ni wenyeji waliopigana. Aambiwa huyu ni nani, mwana wa nani. Hapo ndipo twaona kwamba kazi yenye fani dhaifu yaweza kuwa na maudhui yaliyokamilika kuliko kazi ya fundi.

Wala hatusemi kwamba Songea hapana la kuhojiwa. Vita vya Majimaji vilianza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, kwa watu waliochoshwa na kulimishwa pamba, vikawakumba Wangindo, Wapogoro, Wambunga na wengine wengi kabla ya Wangoni kuingia. Wengi kupita kiasi hawakufa kwa kamba wala kwa risasi. Walikufa kwa njaa, baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala ili kuwavunja. Watoto na wanawake hao hawamo katika hesabu ya 67. Mwalimu amfikishaye mwanafunzi mbele ya manduna na amwulize pia juu ya wale waliofia vichakani, bila nduna.

Kaburi la Nduna Songea Mbano, ambaye mji umechukua jina lake, limetengwa na la wenzake. Husimuliwa kwamba Wajerumani walitaka kumwacha hai, akakataa, akadai anyongwe kama wenziwe. Na kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Mwezi wa Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akaomba msamaha mbele ya wazao wa nduna, akaahidi kwamba nchi yake itasaidia kulitafuta fuvu hilo, ingawa hakuweza kuahidi kwamba litaonekana. Kwenye Mtaa wa Samora kuna mwili mzima wa shaba usio na jina. Songea kuna jina la mji mzima, na kaburi ambalo wazao wangali wanalidai kichwa chake.