Kiraka Nyuma ya Ngoma ya Sikio

Ngoma ya sikio ina unene wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita, na upana usiozidi sana sentimita moja. Ikitoboka na tundu likagoma kuziba lenyewe, usikivu hupungua, na maji yakiingia sikio huanza kutoa usaha. Daktari bingwa anayekwenda kuliziba haanzi kwa kuziba. Anaanza kwa kulipanua.

Hapo ndipo ninapovua kofia. Ukingo wa tundu la siku nyingi umeshapona: ngozi ya nje imezunguka ikakutana na utando wa ndani, na mwili umelihesabu jambo kuwa limekwisha. Basi daktari, macho kwenye hadubini, anautoboa ukingo kwa sindano, vitundu vidogovidogo mzunguko mzima, kisha anaunyofoa mpaka damu ichomoze. Sasa pana kidonda kibichi, na kidonda kibichi hutafuta kupona.

Kiraka hutoka kwa mgonjwa mwenyewe. Juu ya sikio, ndani ya nywele, upo msuli wa panja, ule unaocheza ukitafuna, nao umefunikwa na utando mweupe, mgumu. Kipande chake hukwanguliwa nyama na mafuta, kikatandazwa kikauke mpaka kishikike kama ganda la kitunguu. Kikiwa kibichi hujikunja na kung'ang'ania koleo. Kikikauka hufuata mkono. Wullstein na Zöllner, walioujenga upasuaji huu Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1950, walitumia ngozi. Ngozi ilishika, ila haikuacha tabia yake: ilitoa magamba, na masikio mengine yakarudi kwenye usaha. Utando wa msuli hauna makuu. Unavumilia njaa hadi mishipa mipya ya damu iufikie.

Kisha ngozi ya njia ya sikio huchanjwa na kubanduliwa pamoja na ngoma, taratibu, mkono mmoja ukishika kifyonza damu na mwingine ukifanya kazi peke yake. Karibu hapo hupita mshipa wa fahamu unaobeba ladha ya ulimi. Ukivutwa, mgonjwa huonja chuma kwa wiki kadhaa. Nyuma ya ngoma hujazwa sponji ya jelatini, kiraka kikatelezeshwa chini ya mpini wa kile kifupa kiitwacho nyundo, na ngoma ikarudishwa juu yake. Kwa kawaida hakishonwi. Hushikiliwa na sponji na unyevu tu, huku seli za ngoma zikitambaa juu yake.

Ndiyo maana mgonjwa huambiwa asipenge kamasi, akipiga chafya aachame, na sikio lisiguswe na maji. Usikivu hupimwa baada ya miezi miwili mitatu. Kabla ya hapo sponji ingali imejaa ndani, na anayelalamika kwamba anasikia vibaya kuliko kabla ya kupasuliwa anasema kweli.